Shajara ya mradi: marashi, asetoni na pazia lililokuwa linacheza

Jumamosi, 1 Februari

Nimefungua daftari hili kwa sababu ya swali moja ambalo halikujibiwa.

Juzi Alhamisi, kipindi cha kidato cha tatu, mwalimu wa kemia aliniomba nilete chupa ya marashi. Ni onyesho la kila mwaka. Unapuliza mbele ya darasa, wanafunzi wamefumba macho, na anayesikia harufu ananyoosha mkono. Mikono huanza madawati ya mbele, ikaja ya katikati, na baada ya nusu dakika hivi hata waliokaa ukutani wameshaipata. Mwalimu anaandika ubaoni: mtawanyiko wa gesi, yaani molekuli kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Wanafunzi wenyewe wanaita difyusheni. Mimi ni fundi sanifu maabara katika shule moja hapa Moshi, mwaka wa tisa sasa, na kila mwaka nimepuliza yale marashi na kuirudisha chupa kabatini bila neno.

Safari hii binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza. Alikuwa ameshanakili kwamba molekuli za hewa hukimbia karibu mita 500 kwa sekunde. "Sasa Madam, kutoka pale hadi hapa ni mita sita tu. Mbona imechukua nusu dakika nzima?"

Madam akasema zinagongana njiani. Ni kweli. Kengele ikalia, wakatoka. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kando ya dirisha, na nilichokuwa nakitazama ni pazia. Lilikuwa linacheza.

Jumanne, 4 Februari

Nimekaa na kikokotoo baada ya saa za kazi.

Kwanza huo mwendokasi. Naitrojeni kwenye joto la kawaida la chumba huenda karibu nusu kilomita kwa sekunde. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Molekuli isiyozuiwa na kitu ingefika kwa chini ya dakika tatu, wakati basi bado linaita abiria pale stendi. Sasa uzuie. Katika hewa ya kawaida molekuli husafiri kwa wastani kama nanomita 70 tu kabla ya kugonga nyingine. Unywele wa mtu una unene wa takribani mara elfu moja ya umbali huo. Ikigonga inabadili uelekeo, inagonga tena, na hivyo hivyo mara bilioni kadhaa ndani ya sekunde moja. Molekuli ni kama basi linalokimbia mno, ila kila baada ya nanomita 70 linageuzwa, na dereva hana habari anaelekea Arusha au Himo.

Kutoka hapo inakuja kanuni ambayo nadhani ndiyo ilipaswa kuandikwa ubaoni: muda haukui sawasawa na umbali, unakua kwa mraba wa umbali. Mara mbili ya umbali, mara nne ya muda. Mvuke wa kitu kama marashi una kigezo cha mtawanyiko (namba inayoonyesha unatawanyika kwa wepesi gani) kisichozidi sana sentimita za mraba 0.1 kwa sekunde. Ukikokotoa kwa namba hiyo, sentimita moja inachukua kama sekunde 5. Sentimita kumi, zaidi ya dakika 8. Mita moja, karibu saa 14.

Mita sita za darasa letu ni siku ishirini na moja.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri. Sikukosea. Pua ni kali, inanasa hata chembe chache zilizotangulia, kwa hiyo tuipunguzie siku nyingi tu. Lakini hakuna punguzo litakaloshusha wiki tatu hadi nusu dakika. Harufu ile haikutawanyika kwenda nyuma. Ilibebwa na upepo wa dirishani, na joto la miili ya wanafunzi arobaini linalopandisha hewa, na mimi mwenyewe niliyepita katikati ya madawati nikiwa na chupa.

Swali la yule binti lina historia ndefu. Mwaka 1858 Buys Ballot, mtaalamu wa hali ya hewa wa Utrecht kule Uholanzi, aliwauliza jambo hilo hilo wale waliokuwa wanasema gesi ni chembe zinazokimbia ovyo: kama zinakimbia hivyo, mbona moshi unakaa hewani chumbani kwa tabaka bila kutimka? Mwaka huo huo Clausius wa Ujerumani akajibu kwa kuleta wazo la umbali wa wastani kati ya mgongano na mgongano. Nimependa kwamba aliyeuliza alikuwa mtu wa kupima upepo. Huyo asingedanganyika na pazia.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemweleza Madam. Hakufurahi, na simlaumu. Alisema, "Kwa hiyo tumekuwa tunawadanganya?" Nikasema tumekuwa tunawaonyesha upepo. Akanyamaza kidogo, kisha akanipa kipindi cha mwisho cha leo: "Haya, waonyeshe wewe."

Sikuwa na kifaa bado, nikatumia sarafu.

Wanafunzi 36 walisimama kwenye mstari wa chokaa katikati ya uwanja, kila mmoja na sarafu yake. Nikipiga filimbi unarusha. Ikilala upande wa kichwa, hatua moja mbele. Upande wa mnyama, hatua moja nyuma. Baada ya filimbi 16 tukapima kila mtu yuko hatua ngapi kutoka mstarini. Wengi walikuwa karibu tu, wachache wameponyoka. Tukachukua mraba wa kila umbali, wastani, kisha kipeuo cha pili: hatua 4.2. Tukaendelea hadi filimbi 64, yaani kazi mara nne. Tukapata 7.6. Mara nne ya filimbi, takribani mara mbili ya umbali. Kijana mmoja alirusha sarafu mara 64 akajikuta amerudi palepale kwenye chokaa, wenzake wakamcheka hadi mwalimu wa nidhamu akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Kilichonifurahisha zaidi kilitokea pembeni. Kulikuwa na kundi lililobanana upande mmoja, na mvulana mmoja akauliza kwa nini molekuli "zinataka" kwenda penye nafasi. Hapo nikasimamisha filimbi. Niliweka kumi upande wa huku na wawili upande wa pili, nikauliza: kila mmoja akirusha, nusu wakavuka, ni wangapi watavuka? Watano wanakwenda, mmoja anarudi. Jumla ni wanne kuelekea kwa wachache. Je, kuna yeyote aliyejua upande wa pili kuna nafasi? Hakuna. Kila mtu ametii sarafu yake. Wengi wanatoka penye wengi kwa kuwa ni wengi, basi. Ukisawazisha sita kwa sita, watatu wanakwenda na watatu wanarudi. Shughuli haijasimama, ila kwa macho hakuna kinachobadilika.

Hiyo ndiyo kanuni aliyoiandika Adolf Fick mwaka 1855: kadiri tofauti ya ukolezi inavyokuwa kali, ndivyo mtiririko unavyokuwa mkubwa. Fick alikuwa daktari wa fiziolojia, na vipimo vyake vilikuwa vya chumvi kwenye maji. Gesi zilikuja kupimwa vizuri baadaye.

Sarafu tatu zimepotea kwenye nyasi. Nimelipa mwenyewe.

Jumatatu, 10 Februari

Kifaa. Nataka kitu kinachopimika kwa rula, kisichoua mtu, na kisichodanganywa na upepo.

Nimechagua njia ya Josef Stefan wa Vienna, ya miaka ya 1870. Unamimina kimiminiko kinachokauka upesi ndani ya mrija uliosimama wima, nao umezibwa chini. Mvuke unajaa juu ya kimiminiko, na njia pekee ya kutoka ni kutawanyika kupitia hewa iliyo ndani ya mrija hadi mdomoni. Ukijua kimiminiko kimeshuka kiasi gani, umejua mvuke umetoka kiasi gani. Raha yake ni kwamba kadiri kimiminiko kinavyoshuka, safari ya kutoka inarefuka, hivyo kushuka kunazidi kupungua. Nimechagua asetoni, tunayo chupa nzima, na mvuke wake ni mzito mara mbili ya hewa, hivyo hautapanda wenyewe kama moshi wa kuni.

Jaribio la kwanza limeharibika. Nilitumia mirija mipana ya majaribio na kuiweka dirishani ili wanafunzi waione. Asubuhi ilishuka polepole, mchana upepo wa Februari ulipoanza ikashuka kwa kishindo. Mdomo mpana unaruhusu upepo kuingia na kukoroga, na ukishakorogwa hakuna tena mtawanyiko wa kupima. Kosa lile lile la marashi, safari hii la kwangu.

Jumanne, 11 Februari

Mirija myembamba, kipenyo cha ndani milimita 4, urefu sentimita 18. Nimekata vipande vitatu kwa tupa na kuziba ncha moja kwenye moto. Kioo kikianza kulegea kinakuwa chekundu-njano na lazima uzungushe bila kusita, la sivyo kinapinda kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kimoja kilipinda. Nimekata kingine.

Kujaza ndiko kulikonitesa. Ukidondoshea asetoni juu, tone linakwama mdomoni na hewa iko chini yake, havipishani. Dawa: nimevuta kipande chembamba cha mrija wa dripu, nikakichomeka kwenye sirinji, nikakifikisha hadi chini kabisa, nikajaza kwa kupanda juu. Lakini plastiki ile inalainishwa na asetoni, kwa hiyo fanya haraka, usiiache ndani.

Nimeibandika mirija yote mitatu kwenye rula, nikaisimamisha kwenye kipande cha ubao alichonitobolea fundi seremala, kisha nikaiweka ndani ya boksi la karatasi lenye matundu madogo pande mbili. Hewa ipite taratibu juu ya midomo na kuchukua mvuke, isipige humo ndani. Kipimajoto kiko pembeni.

Kesho saa 2 asubuhi nitairekebisha yote ianzie sentimita 2.0 chini ya mdomo.

Jumamosi, 15 Februari

Mirija A na C iko salama. B haipo.

Jana jioni mama anayetusafishia maabara aliiona imeegemea nje ya boksi (niliitoa mimi kuisoma, nikasahau kuirudisha), akaiona ina maji machafu, akaimwaga na kuiosha vizuri. Leo nimemkuta ameianika. Shikamoo mama. Marahaba baba, nimekuoshea na kile kimrija chako. Nimeshukuru.

Lakini aliniambia jambo. Alisema akiwa amesimama hasikii harufu yoyote, akiinama kudeki ndipo inampiga. "Hii dawa yako inakaa chini." Yuko sahihi: mvuke mzito, ukiwa mwingi na hewa imetulia, unamwagika chini kama maji. Ndiyo sababu chupa za vimiminiko hivi haziwekwi karibu na jiko la sakafuni. Ila asidhani mtu kwamba hewa ya chumba huishia kujipanga, nzito chini na nyepesi juu. Ikishachanganyika, imechanganyika. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko naitrojeni, na bado hailali mabondeni ikatuachia oksijeni tupu vilimani. Mikondo ya hewa na mtawanyiko haviipi nafasi.

Jumatatu, 17 Februari

Siku tano zimetimia. Hizi ni za mrija A, kutoka mdomoni hadi kwenye kimiminiko, kila siku saa 2 asubuhi (Jumapili nilipitia nikitoka kanisani, nikiwa na suti):

Jumatano 2.0, Alhamisi 5.0, Ijumaa 6.9, Jumamosi 8.3, Jumapili 9.6, leo 10.6.

Siku ya kwanza ilishuka sentimita tatu. Siku ya tano, moja. Ukiangalia hivyo unadhani asetoni imechoka. Sasa chukua miraba: 4, 25, 47.6, 68.9, 92.2, 112.4. Tofauti kati ya siku na siku ni 21, 22.6, 21.3, 23.3, 20.2. Wastani ni sentimita za mraba 21.7 kwa siku. Niliichora kwenye karatasi ya grafu, mraba wa kina dhidi ya siku, na rula ikapita karibu na nukta zote. Mrija C unafuatana nao, tofauti milimita moja au mbili.

Nimekaa nikiitazama ile grafu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kutoka kwenye mteremko huo, ukiingiza uzito wa asetoni, mgandamizo wa mvuke wake kwa nyuzi 24 na mgandamizo wa hewa ya hapa, unapata kigezo cha mtawanyiko: kama sentimita za mraba 0.12 kwa sekunde. Vitabu kwa usawa wa bahari hutoa zaidi kidogo ya 0.1. Kuzidi kwetu kuna maelezo. Moshi iko juu ya mita 800, na mgandamizo wa hewa hapa ni karibu asilimia 90 ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Hewa ikiwa nyepesi, molekuli ni chache, migongano inapungua, safari ya kila moja inarefuka. Mtawanyiko unakuwa mwepesi kwa kiasi kile kile ambacho mgandamizo umepungua. Sidai kwamba rula yangu na selotepu vinaweza kuthibitisha tofauti ya asilimia kumi. Nasema tu imeegemea upande unaotakiwa.

Binti wa dawati la nyuma alikuja mapumziko kuangalia. Akauliza: na kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro? Mita 5,895, mgandamizo ni kama nusu. Kwa joto lile lile kigezo kingekuwa karibu mara mbili. Ila kule kuna baridi, na baridi hupunguza mwendokasi, kwa hiyo faida sehemu inaliwa. Akasema kwa hiyo marashi yangetawanyika haraka zaidi Kibo. Nikamwambia ndiyo, kama utaweza kuzuia upepo wa Kibo. Akacheka.

Ijumaa, 21 Februari

Madam alitaka jaribio la pete nyeupe, kwa kuwa linatoka kwenye mitihani. Tulilifanya barazani, glavu na miwani, wanafunzi wamesimama upande unakotoka upepo. Neli ya kioo sentimita 80 imelazwa, pamba yenye amonia ncha moja, pamba yenye asidi ya hidrokloriki ncha nyingine, vizibo vya mpira. Zikikutana ndani zinatengeneza vumbi jeupe la kloridi ya amonia.

Pete ilitokea baada ya dakika 17. Kwanza ukungu kama pumzi kwenye kioo, kisha duara lenyewe, sentimita 45 kutoka upande wa amonia, 35 kutoka upande wa asidi. Amonia ni nyepesi, imesafiri zaidi. Hapo hakuna ubishi. Molekuli ya amonia ina mwendokasi wa kama mita 660 kwa sekunde. Sentimita hizo 45, bila hewa ya kuizuia, ingezimaliza kabla ya elfu moja ya sekunde kwisha. Imechukua dakika 17. Hapo darasa zima lilinyamaza, na ninakiri nilifurahia kimya hicho.

Tatizo ni uwiano. Kitabu kinataka utumie kanuni ya Graham: gawanya uzito wa molekuli ya asidi, 36.5, kwa ule wa amonia, 17, kisha chukua kipeuo cha pili, unapata 1.47. Sisi 45 kwa 35 ni 1.29. Mwaka jana, nasikia, kuna darasa lilisogeza pete kwenye ripoti ili jibu litoke. Sitaki tufanye hivyo. Thomas Graham, yule Mskoti wa Glasgow, kanuni yake ya mwaka 1833 aliipata kwa gesi zinazopishana kupitia kizibo cha plasta. Tundu za plasta ni ndogo mno, na kuta zake zina sehemu kubwa katika safari hiyo. Neli yetu imejaa hewa. Humo amonia haishindani na asidi kwa wepesi wake tu. Zote mbili zinapenya katika umati ule ule wa naitrojeni na oksijeni, na umati huo unapunguza tofauti kati yao. Pia uwiano unategemea ukolezi wa zile pamba. Kwa hiyo 1.29 haikukosewa. Madam ameandika ubaoni namba zote mbili na swali kati yake, akawaachia kazi ya nyumbani.

Ameniuliza pia kama mwakani marashi yatumike. Nimesema yatumike, ila tufanye mara mbili: dirisha wazi, halafu dirisha limefungwa na watu wametulia. Waone wenyewe nani anabeba.

Jumatatu, 24 Februari

Boksi nimelihamishia kabati la chini. Mrija C bado unaendelea, uko 16.2. Kwa kasi hii utanimaliza subira kabla haujaisha.

Kazi mpya imeletwa na yule yule binti. Nyumbani kwao Rau wanafuga kuku, na amesoma mahali kwamba yai linapumua. Ni kweli, na linapumua kwa mtawanyiko mtupu: halina pafu la kusukuma hewa. Ganda lina matundu kama elfu kumi, oksijeni inaingia, kabonidayoksaidi na mvuke wa maji vinatoka, kila kimoja kikifuata upande wake wa uhaba. Ganda halifiki hata nusu milimita kwa unene, na ndiyo maana inawezekana. Kwa milimita, mtawanyiko una mbio. Linaloatamiwa hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa njia hiyo kabla kifaranga hakijatoka.

Haya hayaatamiwi, yatakaa tu mezani. Ameleta sita kwenye kikapu chenye nyasi, tumeyaandika namba kwa penseli. Namba 4 tumelipaka mafuta ya alizeti ganda zima ili tuzibe matundu. Namba 5 nusu tu. Mizani ya maabara inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Saa 8 mchana, nyuzi 31:

Namba 1, gramu 54.87. Namba 2, 58.10. Namba 3, 57.42. Namba 4, 60.05 pamoja na mafuta. Namba 5, 55.63. Namba 6 ina ufa, nimemrudishia akakaange.

Nimeandika karatasi kubwa juu ya trei: MAMA, TAFADHALI USIOSHE.